Hana Jina Sokoni

Maji yalikupwa Shangani mpaka mwamba ukaonyesha mgongo.
Saa tatu na nusu asubuhi. Viatu vya tairi miguuni,
mwanangu mgongoni, nimemfunga kanga ya mama yake,
ile iliyofutika maandishi, limebaki neno moja tu: *jirani*.

Na jirani alikuwepo. Bi Esha Mnali, ndoo ya rangi mkononi,
akichokoa pweza. Aliponiona alicheka hadi akaegemea mtaimbo:
"Haya, baba Shazila, leo umeshanyonyesha?"
Nikasema bado. Ningesema nini.

Kwenye kidimbwi, kati ya vifusi vya matumbawe
(hapa zamani zililia baruti, jiwe halijasahau)
na kishungi cha nyasi bahari,
palikuwa na kijiti.
Kijiti kikageuza jicho.

"Huyo?" akasema Bi Esha. "Takataka za wavu.
Hana kilo, hana mchuzi.
Paka wa Feri humnusa, akamwacha."
Hana jina sokoni, kwa hiyo hana jina.

Nikachuchumaa. Shazila alilaza shavu shingoni kwangu.
Tukamsoma wote wawili.

Urefu wake ni penseli iliyochongwa mwaka mzima.
Magamba hana. Ana pingili,
pete juu ya pete, kama muwa uliokosa mvua;
mifupa kaivaa nje
kama mtu aliyepindua shati na hajali.
Mistari ya kahawia, mistari ya maziwa,
mkiani kipepeo chekundu cha kupepea jiko la nani sijui.
Haogelei: anateleza,
pezi la mgongoni likitetema hata halionekani,
midomo ya mtu anayesali kimoyomoyo.
Macho mawili, kila moja na safari yake.
Mdomo ni mrija, meno hamna.
Tumbo la kuweka chakula hamna vilevile:
uduvi huingia, fyu, akapita,
basi hula kutwa, hula kutwa,
fukara asiye na kibubu.

Kisha akalala ubavu.
Chini ya tumbo, safu kwa safu, mayai,
rangi ya ulezi uliolowekwa,
yamenata ngozini, na katika kila moja
nukta mbili nyeusi.
Wasiozaliwa walikuwa wananitazama.

"Mjamzito," nikamwambia Bi Esha.
"Maskini mama wa watu," akasema, akaangalia pia.

Usiku shemeji Hemedi, anayefundisha baiolojia, alinisahihisha:
huyo ni dume, bwana.
Jike humbandika mayai tumboni akaenda zake kula,
akatafute nguvu ya mayai mengine.
Ila kila kunapokucha hurudi.
Huogelea ubavu kwa ubavu, dakika chache,
mikunjo fulani wanayoijua wao,
halafu kila mmoja na kichaka chake.

Sikumwambia Hemedi kitu.
Nilimfikiria Salima: zamu ya usiku Ligula, wodi ya wazazi,
anavyopokea watoto wa watu hadi alfajiri,
anavyofika mlangoni miguu imevimba,
akamnusa Shazila utosini, akaninusa mimi,
akanywa chai amesimama,
akazimika kitandani na soksi zake.
Ndiyo ngoma yetu, haizidi dakika kumi.
Kisha mimi humtoa mtoto nje ili nyumba inyamaze.

Kesho yake Bi Esha hakunicheka.
Aliniita kwa mbali, mtaimbo juu:
"Njoo, mwenzio yuko hapa, hajajifungua!"
Tukasimama watatu juu ya maji ya kifundoni,
na Shazila wa nne.

Nilitaka kumpa jina. Nikalimeza.
Nimeona Feri jina linavyofanya kazi:
kinachoitwa hupimwa, kinachopimwa hubebwa.
Abaki kijiti.

Maji yakaanza kujaa, akarudi nyasini kinyumenyume.
Shazila akanikojolea mgongo mzima,
vuguvugu, kama kile kidimbwi.