Uzi wa Maji

Tangu Jumatatu bomba la jikoni
linatoa uzi tu,
wa kushonea kifungo, si wa kujaza sufuria.
Mama mkwe akatoa hukumu: kisima kimekufa.

Masereka alipanda kutoka Kasese mjini
na spana mbili na kikohozi.
Akagonga tangi la presha kwa kidole,
akatega sikio kama mnunuzi wa fenesi.
Hewa ipo.
Akawasha pampu: inanguruma, mshale wa geji unapanda.
Akashusha kamba yenye jiwe kisimani,
ikarudi imelowa mikono tisa.
Mama, maji yapo. Yamezuiwa njiani.

Akafungua chujio.
Mchanga mwekundu, kutu laini kama ute wa bamia.
"Nani alikuwa analiosha?"

Mama mkwe akageukia mihogo yake.
Nami nikakumbuka miluzi ya Jumamosi,
mtu amechuchumaa nyuma ya nyumba, suruali chepechepe,
nikidhani anacheza na maji,
kabla hajahamia Bwera kwa mke mwenzangu.

Nimenunua brashi. Shilingi elfu tatu.
Sasa maji yanapiga sufuria, yanarukia dirishani,
na mama mkwe anafoka:
punguza, unatulowesha!