Sekunde Kumi na Moja

Wizara ilitupa fedha za miaka mitatu
na chumba chenye dirisha linalotazama maegesho,
hapa Kjeller, ambako jua la Januari
huja kama karani aliyechelewa:
husaini, huondoka.

Swali lao lilikuwa fupi:
kwa nini amri huchelewa?
Kwa nini makao makuu yenye vichwa mia mbili,
vyote vimesoma, vyote vimeshiba kahawa,
huamua polepole kuliko kichwa kimoja kilichokasirika?

Nikawaeleza kwa saa za ukutani.
Tundika mbili kwenye boriti moja,
kila moja na mwendo wake;
rudi kesho, utazikuta zinabembea pamoja,
zimeshasemezana kupitia mbao.
Basi kila ofisa nikamfanya saa.
Huyu wa ujasusi, mwepesi.
Yule wa chakula na mafuta, mzito,
maana huhesabu mikate kabla ya kusema ndiyo.
Simu zao nikazifanya boriti.
Na kila kisichoingia kwenye mlinganyo,
usingizi, mke aliyenuna, jino linalouma,
nikakipa herufi moja ya Kigiriki
nikakiita kelele.

Kanali Torgeir Bakkemoen aliipenda ile herufi.
"Punguza hii," alisema, akiigonga ubaoni kwa kifuniko cha kalamu.
"Punguza hii, mengine yatajipanga."

Haraka haraka haina baraka, wanasema watu.
Lakini wizara hailipii baraka.

Machi tukaenda kupima mazoezini, kaskazini,
siku nne hemani,
kompyuta zimefunikwa mablanketi kama wagonjwa.
Swali limefika saa ngapi. Jibu limetoka saa ngapi.
Nukta elfu sita,
na zote zikakaa karibu na mstari wangu, zimetulia,
isipokuwa moja.

Luteni Eilif Nygjerde, kituo cha saba, siku ya tatu, alfajiri.
Aliulizwa: tulipige daraja?
Akanyamaza sekunde kumi na moja.

Kwenye grafu ilisimama peke yake
kama mgeni aliyekosea tarehe ya harusi.
Iselin, msaidizi wangu, alitaka tuifute:
chombo kimekosea, au kijana kasinzia.
Nikavaa visikizio.

Kwanza upepo.
Kisha karatasi ikifunuliwa; ramani, nadhani.
Kisha pumzi.
Kisha sauti yake, si redioni, kwa mtu aliye kando:
"Basi la shule hupita hapo saa ngapi?"

Daraja lenyewe lilikuwa la kalamu, juu ya mto wa kalamu.
Hapakuwa na basi. Hapakuwa na shule.
Na bado aliuliza.

Usiku ule nikaifuta kelele yote kwenye mlinganyo,
nione Kanali anachokitaka.
Saa mia mbili zikapatana kwa sekunde nne tu,
kikosi kizima kikawa mtu mmoja.
Nikasogeza tarakimu moja, ndogo, mwanzoni,
kosa la mtu aliyesoma ramani vibaya:
zikakosea zote, pamoja,
kwa usahihi ambao sijawahi kuuona.

Niliyaandika hayo. Ukurasa wa arobaini na moja, tanbihi ya chini,
kwa herufi ndogo zinazotakiwa na sheria za uchapaji.
Kanali husoma muhtasari.

Lakini safari hii alikuja na ripoti mkononi,
kidole kimebaki kwenye grafu.
"Huyu aliyekaa mbali na wenzake," akasema, "ni nani?"
Kalamu ilikuwa wazi tayari.
Mezani, kati yetu, lilikuwa ombi la awamu ya pili,
mahali pa sahihi pameachwa peupe.

Nilimtazama Iselin. Iselin alitazama kikombe chake.

"Si mtu, Kanali," nikasema. "Ni kelele."

Akaandika.
Nje, maegeshoni, watu walikuwa wakikwangua barafu kwenye vioo vya magari,
kila mmoja
kwa mwendo wake.