Bahasha ya Nne

Miaka thelathini na moja napekua maisha ya watu,
kwa malipo ya saa, na ankara yenye mhuri.
Namjua aliyemlipa yaya wake kwa mlango wa nyuma,
aliyetibiwa ulevi mjini Fargo kwa jina la shemeji,
mwenye nyumba mbili na hadithi tatu.

Basi Marit Oftedahl aliposhinda uteuzi wa chama
aliniita kwake Duluth, mwezi wa saba,
ukungu wa Ziwa Superior umekaa dirishani kama mgeni asiyeaga.
Mezani: kahawa iliyopoa, samaki wa kukaushwa kwa moshi,
na bahasha zangu tatu.

"Wa kwanza," nikasema, "Seneta Delmar Wojcik.
Anakuletea Pennsylvania mkononi, kama kuku aliyefungwa miguu."
"Na baada ya Pennsylvania?"
Nikafungua bahasha. Nikaifunga.
Baada ya Pennsylvania palikuwa na Pennsylvania.

"Wa pili, Prescott Tillinghast. Ana fedha, ana meno,
ana mke anayejua kupunga mkono.
Hajawahi kukupinga."
"Hajawahi kumpinga mtu," akasema Marit.
"Kivuli nacho hufuata, Leland.
Giza likiingia, kinakwenda wapi?"

Sebuleni washauri walikuwa wameinamia ramani,
wakijumlisha kama wachuuzi wanaofunga hesabu jioni:
huyu wa kusini, wewe wa kaskazini;
huyu kijana, wewe una sitini na tisa;
huyu huenda kanisani, wewe huenda kuvua.
Chumvi hapa, sukari pale.
Hakuna aliyeuliza kama chakula kitalika.

Mimi si mtu wa mafumbo, lakini neno hili, mwenza,
limeninyima usingizi mara nyingi.
Mke mwenza, mgombea mwenza:
paa moja, chungu kimoja,
kila mmoja akihesabu hatua za mwenzake ngazini.
Ila hapa mmoja wenu hulala
akitegea sikio moyo wa mwingine.

"Wa tatu, Consuelo Archibeque, gavana wa New Mexico.
Jimbo lake lina kura tano tu; hesabu haimpendi.
Na mwezi wa pili, mbele ya kamera,
alisema una haraka nyingi na mswada mbovu."
"Ulikuwa mbovu?"
"Kurasa za kati, ndiyo."

Akacheka, kisha akaacha.
Mkono ukaenda kifuani, ukajifanya unatafuta kifungo.
Nikaona nilichokuwa nimelipwa nisikione.
"Nimekagua mioyo mitatu," nikasema,
"vipimo, karatasi, sahihi za madaktari.
Bahasha ya nne iko wapi?"

Aliitoa kwenye droo ya vijiko, chini ya kuponi za duka:
barua ya hospitali, ya mwezi wa tano,
iliyofunguliwa na kugundishwa tena, na kufunguliwa tena.
Akaisukuma mezani. Sikuisoma.
Siku hiyo tu, katika miaka thelathini na moja.

Saa saba na nusu usiku akapiga simu kusini.
Consuelo alikuwa macho; mfereji wa shamba la kaka yake ulikuwa umepasuka,
naye yumo ndani, tope hadi magotini.
Marit hakusalimu.
"Nikifa Jumatano," akauliza, "Alhamisi itakuwaje?"

Maji yalisikika. Koleo likatupwa chini.
"Alhamisi posta itafunguliwa," sauti ikasema,
"watoto watachelewa shule kama kawaida.
Nitakulilia asubuhi, mchana nitafanya kazi.
Lakini zile kurasa za kati, Marit,
Alhamisi pia nitazifuta."

Washauri walikuwa bado wanajumlisha.
Marit akaziba simu kwa kiganja,
akaichomeka barua ya hospitali ndani ya bahasha ya tatu,
akala kipande cha samaki, cha kwanza tangu adhuhuri.
"Andika ankara yako, Leland," akasema.
"Na usinitoze hiyo ya nne. Hukuisoma."