Askari Wasio na Nyusi

Kaka yangu Mundhir ana jeshi kabatini.
Mia mbili na kumi na wanne, nimewahesabu mwenyewe
wiki ile aliyolazwa kwa mgongo:
kila mmoja urefu wa kidole gumba,
kila mmoja na nyusi.
Nyusi, jamani! Kwa brashi ya unywele mmoja,
pumzi kaibana, taa kaivutia puani.
Na hawajapigana hata siku moja.

Mabela, saa tisa mchana.
Joto limekaa mlangoni kama mdai.
“Nataka vita vya ramani,” ananambia,
“vile vya mezani. Lakini vya kuanzia.
Nchagulie wewe, mimi nitanunua kwa macho.”
Anajijua. Na ananijua:
nasomesha hesabu Sib, kanuni hazinitishi.

Duka liko Alkhuwair, juu ya fundi wa dishdasha.
Bijeesh akateremsha kasha
zito kama sanduku la mtu anayekwenda Unguja arusini.
Vipande elfu moja na mia nne.
Kanuni kurasa hamsini na sita,
na mwisho wake kijitabu cha masahihisho.
“Hili ndilo bora,” akasema.
Bora kwa nani?
Mwenye pupa hadiriki kula tamu.
Mtoto humnunulii kiatu kwa uzuri,
unabonyeza kwanza kidole kimefika wapi.

Nikamuuliza: nasoma kurasa ngapi kabla ya risasi ya kwanza?
Vita vinakwisha kabla ya Isha?
Nikichoka nikaondoka, mtu anaweza kucheza peke yake,
huku mshambuliaji, huku mlinzi,
bila kujidanganya sana?
Na hiyo ramani, ikitandazwa,
birika la kahawa litakaa wapi?
Bijeesh akacheka, akalirudisha lile kasha juu kwa mikono miwili.

Nikatoka na dogo.
Mto mmoja, madaraja mawili,
vipande arubaini,
kanuni kurasa sita. Riali kumi na mbili.

Mundhir akalifungua, akatazama ndani,
akaligeuza, akalitikisa.
“Askari wako wapi?”
Ndio hao.
“Hivi vijikadi?”
Ndio.
“Huyu ana uso gani?”
Ana tatu na nne. Tatu nguvu zake, nne miguu yake.
“Hana hata nyusi.”

Akamleta mmoja wa kwake, mpanda farasi, koti jekundu,
akamsimamisha juu ya ramani.
Akafunika vyumba vitatu vya pembe sita na nusu ya daraja,
kama ng'ombe aliyelala barazani.
Tukacheka mpaka mgongo ukamkumbusha.

Halafu akanyamaza. Akakiinua kikadi kwenye taa.
Pembeni kina kinyuzi, pale kilipochanwa.
Akaenda chumbani akarudi na kikatio cha kucha,
akakata ncha ya kwanza. Tik.
Ya pili. Tik.
Pumzi kaibana, taa kaivutia puani.
Vipande arubaini, ncha mia na sitini,
na mimi nangoja na wangu mkononi
kama mgeni aliyefika kabla wali haujaiva.

Tukacheza. Akaja mbio kwa daraja la kaskazini,
koti jekundu lote, kama ilivyo kabatini.
Mimi nilikuwa na wawili tu, wenye mbili na mbili.
Lakini walikuwa ng'ambo ya mto, na ukurasa wa nne unasema
anayevuka hupigana kwa nusu ya nguvu.
Akausoma. Akausoma tena.
“Miaka kumi na tisa napaka rangi,” akasema,
“nami mto nauona rangi ya buluu tu.”

Akapanga upya kabla kahawa haijapoa.
Nikamwacha saa nne usiku, yuko peke yake,
anazunguka meza, huku adui, huku mwenyewe,
na mpanda farasi kamweka ukingoni mwa ramani
aangalie.

Alfajiri mama akapiga simu.
“Nani kajaza kucha kwenye sahani yangu ya halwa?”
Si za mtu, mama.
Za askari.