Rejea ya Arobaini na Nne

Mhariri amerudisha andiko letu.
Hana neno na konokono, hana neno na majedwali;
kilichomkera ni nukta.
Tumeweka nukta palipotakiwa mkato,
mwaka tumeufungia mabanoni,
jarida lao huuacha huru.
Saa arobaini na nane, anasema. Wasalaam.

Basi nimekaa Nyegezi, chumba cha maabara,
feni inakohoa,
wadudu wa ziwani wamejibandika kiooni
kama nukta nyingine nilizokosea.
Marejeo sitini na matatu.
Nayachambua kama dagaa kwenye turubai:
hapa jiwe, hapa gamba, hapa dagaa.

Jina la ukoo kwanza. Kisha herufi moja tu ya jina lake.
Waandishi wakizidi sita, wabaki sita,
waliosalia waitwe *na wenzake*.
Nawajua baadhi ya hao wenzake.
Mmoja ni Bwire, aliyebeba ndoo za sampuli
kutoka Igombe ufukweni hadi barabarani,
mabuti yamejaa maji. Ni wa saba.

Ya kumi na tisa haina mwandishi.
Ripoti ya zamani, imepigwa taipu,
mchwa wameila hadi mwaka wake.
Jarida linaruhusu: *hakuna tarehe*.
Nikifuta ya ishirini na sita, iliyojirudia,
zote za nyuma zinasogea hatua moja
kama foleni ya kivuko cha Kamanga
akitolewa aliyechomekea.

Ya arobaini na nne ndiyo imenikalisha.
Nilikuwa nimeandika tu: *mama wa Kayenze, alisema*.
Kifungu cha tisa kinajibu:
mazungumzo hayaingii kwenye orodha.
Yakae ndani ya matini, kwenye mabano,
na jina kamili, na tarehe, na barua ya ridhaa.

Asubuhi nikachukua bodaboda hadi Kayenze.
Nikamkuta anaanika, magamba ya fedha miguuni.
Ndiye aliyetuambia, mwaka ule tunachota matope bure:
"Konokono wenu hawako huko kwenye maji mazuri.
Tazameni vifereji vya mpunga, mvua ya kwanza ikikatika,
chini ya jani lililooza, upande usioona jua."
Jedwali la pili lote limetoka hapo.

Jina lako la ukoo, mama?
Akacheka. La kwa baba, au la ndoa,
au lile bibi alilonipa nilipozaliwa njiani?
"Andika Ng'wana Lushinge. Mtoto wa Lushinge, inatosha."

Mashine haikutosheka.
Ikaikata Ng'wana ikabaki N:
Lushinge N,
baba yupo, mtoto amekuwa herufi.
Nikarudisha kwa mkono, ritifaa
ikageuka alama ya kuuliza.
Ng?wana.

Na tarehe? Ulituambia lini?
"Wewe nilikwambia mwaka juzi.
Yule mtafiti mrefu wa kabla yenu nilimwambia pia,
akaandika kidaftarini.
Mie niliambiwa na mama tukipanda mpunga.
Chagua mwenyewe."

Nikafungua orodha palepale, simu mkononi.
Mrefu yupo. Namba nane.
Jina, herufi, juzuu, kurasa kumi na mbili,
na ndani yake: *imeonekana kwamba*
konokono hujificha chini ya majani yaliyooza.
Imeonekana. Na nani, hasemi.

Akasaini barua, mwandiko umelala upande,
akaweka nukta baada ya jina.
Akauliza gazeti lenyewe litafika Kayenze lini.
Nikasema ni jarida. Akasema, haya, jarida.

Usiku wa pili nimemtoa kwenye orodha kama walivyotaka;
nafasi yake imechukuliwa na makala ya takwimu.
Nimemweka aya ya nne, mabanoni,
na ritifaa yake nimeing'ang'ania mpaka ikakaa.
Namba nane sijaigusa.
Nimeisoma mara tatu nikitafuta kosa.
Kila mkato uko mahali pake.