Mjumbe

Usiku wa tatu mfululizo Shadya ananipa sehemu ileile.
Malkia anabaki naye, mfalme pia, na mlinzi wa lango,
na wazee wa mji wanaosema wote kwa pamoja.
"Wewe mjumbe, Baba. Una ukurasa mmoja tu."

Mtihani Jumapili.
Hapa Al-Khodh saa tano ya usiku joto bado halijalala,
kiyoyozi kinakohoa, kinadondosha maji
kwenye ndoo iliyokuwa ya rangi,
na kitabu kimechorwa chini ya mistari:
manjano ni kiburi, waridi ni majaliwa,
kijani bado hajaamua.

Nimejaza matangi ya watu tangu alfajiri,
lori la maji, Mawaleh mpaka Mabela.
Kiingereza changu ni cha risiti na vibao vya barabarani.
Basi nikamsoma mjumbe kimoyomoyo, polepole,
nikamgeuza ulimi, nikampa Kiswahili cha mama yangu,
alichokuja nacho kutoka Unguja
ndani ya sanduku la bati, pamoja na mbuzi ya nazi:

     Nimetoka mlangoni,
     nimeyaona ya ndani,
     kuyasema natamani,
     ulimi wangu mzito.

Shadya akacheka. "Hilo halina alama, Baba."
Kisha akaacha kucheka, akaniambia nirudie.

Swali la nne: Kwa nini mtunzi anakificha kifo
nyuma ya mlango wa kasri, akatuletea mjumbe?
Alama sita.
Mwalimu Badriya amewapa jibu la kuhifadhi,
adabu za jukwaa la kale, nguvu ya kuwaza kuliko kuona.
Hizo ni nne za uhakika. Mbili ni za maoni yako.
"Wewe una maoni gani?"

Ninayo.
Mwaka ule wadi ya Samail iliposhuka na kila kitu
gari la mjomba wake Mundhir tulilikuta ubavu
katikati ya mitende, taa moja ingali inawaka.
Nilikuwa wa kwanza kufika, basi nikatumwa mimi.
Nikavua viatu. Bi Ghaliya akaniuliza habari.
Nikasema njema.
Nani hujibu vingine mlangoni?
Akaleta tende. Akamimina kahawa, nikanywa.
Akamimina, nikanywa.
Ukitosheka unatikisa kikombe, hata mtoto anajua.
Mimi sikukitikisa.
Kila kikombe kilikuwa dakika moja zaidi
ya Mundhir kuwa hai ndani ya nyumba ile.
Cha saba, dele likabaki juu mkononi mwake.
Akaniuliza jina tu.

Haya sikumwambia Shadya yote.
Nilisema: kifo ni cha aliyekufa,
lakini habari ni ya anayeipokea,
na mtunzi alitaka tumtazame huyo.
Anaandika mbio, ncha ya ulimi pembeni ya mdomo.
"Na mjumbe je? Baada ya hapo anakwenda wapi?"
Napekua. Hakuna.
Anasema yake, anatoka, kitabu hakimtaji tena.
Labda anarudi kwenye lori lake.

Chumba cha pili mama yake anapiga pasi sare ya shule.
Tangu magharibi mvuke unapumua, fuu, fuu.
Sasa umenyamaza.
Mundhir alikuwa kaka yake, wa tumbo moja,
na miaka yote hii hajaniuliza
niliingiaje kwa mama yao, nilianza na neno gani.
Mlango umerudishwa tu, haukufungwa.
Tunautazama sote wawili.

Shadya anafungua kalamu ya kijani, anaifunga.
"Toka mwanzo, Baba," ananong'ona. "Toka pale unapoingia."

Nikafungua mdomo.
Pasi ikaanza tena, taratibu,
juu ya ukosi uleule, nadhani,
maana sauti haikusogea.