Maji ya Chokaa

Kabla ya chai napima chumvi.
Thelathini na sita na nusu. Natakiwa thelathini na tano.
Joto la Rasbura limekunywa maji usiku kucha
likaniachia chumvi, kama mgeni
anayemaliza nyama akakuachia mifupa.
Chumvi haipai. Niliifundisha hiyo miaka ishirini na mbili
katika maabara ya sekondari,
na hakuna aliyeniamini hadi asugue sufuria.

Naongeza maji ya mvua, yaliyochujwa mara mbili.
Ya bomba ni ya wali na ya kufulia.

Halafu kichupa, bomba la sindano, matone.
Maji yamekuwa ya waridi. Nahesabu kwa sauti,
maana nikihesabu kimoyomoyo
Somoe huniuliza bei ya vitunguu nami napotea.
Kumi na nane. Kumi na tisa.
Ishirini: waridi linasita, linaiva zambarau,
linageuka buluu ya sketi za shule.
Juzi ilikuwa ishirini na moja.
Tone moja la kalsiamu limeliwa.
Yaani humu sebuleni, kati ya runinga na jokofu,
kiumbe kisicho na mikono kimejenga ukuta
mwembamba kuliko ukucha wa kichanga.

Baba yangu, Mfaume Nambunga, alichoma chokaa Kitunda.
Magogo ya mikoko chini, matumbawe juu, magogo tena,
na mimi mtoto nikitumwa kuyamwagia maji mawe yaliyoiva,
yakafoka, yakapasuka, yakawa unga.
Ada yangu ya kidato cha kwanza
ilikuwa magunia kumi na mawili ya mwamba.

Alikuja kuniona mwaka juzi.
Akainama, miwani ikagonga kioo.
"Yanakula nini haya?"
"Chokaa, baba. Kijiko ndani ya ndoo, kitulie,
nachota maji ya juu tu, yanadondoka hadi asubuhi."
Akanyamaza.
Kisha akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.
"Kumbe yamekufuata kudai."

Tulipomzika, watu walilala hapa siku tatu.
Masika, madirisha yamefungwa,
sebule imejaa mikeka, uradi,
na pumzi za ndugu wa Mchinga na Kilwa.
Usiku wa pili niliwasha tochi nikapima,
nikamsikia wifi akinong'ona:
mwanamke gani huyu, anapima maji ya samaki msibani?
pH saba nukta saba. Kawaida yake nane nukta mbili.
Maji yalikuwa yamevuta pumzi zetu,
kila poleni, kila kwikwi,
yakachachuka.
Sikulia makaburini. Nililia pale, mbele ya namba.

Dawa yake, fungua dirisha.
Nilifungua. Mvua ikaingia mpaka kwenye mto wa shemeji.
Kwa adhana ya alfajiri, saba nukta tisa,
na samaki mmoja wa njano aliyejificha tangu Jumanne
akachungulia.

Gunia lake la mwisho lipo stoo,
limeandikwa M.N. kwa mkaa.
Nililijaribu, kijiko kimoja kwenye glasi.
Lina majivu ya mkoko, lina mchanga, lina fosfeti.
Lingeyaua.
Kwa hiyo naagiza Dar kikopo cha chokaa safi, gramu mia tano,
kwa bei ambayo yeye angeuza magunia manne,
na deni linalipwa kwa unga
ambao angeuangalia akauliza:
huu mmeuchomea wapi, mbona hauna moshi?

Umeme ukikatika nakoroga kwa mkono.
Mkono ukichoka nabadilisha mkono.
Sijui nimelipa kiasi gani; hakuna kichupa
kinachobadilika rangi kwa hilo.

Somoe, ngoja kidogo,
vitunguu utanunua vyovyote utakavyovikuta.
Niko tone la kumi na saba.